Kuanza Kazi ya Bustani Nakuru Ukiwa Huna Ujuzi: Mwongozo Kamili

Mwezi wa Aprili kila mtu Nakuru ni fundi wa bustani. Mvua inanyesha, nyasi zinashika zenyewe, mche uliochomekwa ovyo unachipua hivyo hivyo na mwenye nyumba anafurahi. Ukitaka kumjua fundi wa kweli, pita mitaa ya Kiamunyi au Naka mwezi wa Februari, upepo ukiwa unapeperusha vumbi, uangalie nyua zipi bado ni kijani. Mteja wa bustani hulipia kitakachobaki hai kiangazi kikiisha. Kwa hiyo hapa nitaanza na maji na udongo, maua yatafuata.

Kazi ipo. Nyumba mpya zinamalizika kila mwezi Ngata, Lanet, Section 58 na kando ya barabara ya Njoro, na mjengo ukiisha mwenyewe anabaki na kiwanja cha kokoto, misumari na saruji iliyoganda. Kuna shule, makanisa, hoteli na vituo vya mafuta. Hakuna atakayekuuliza cheti siku ya kwanza. Atakachokuuliza ni picha za kazi uliyofanya, na ndiyo maana hatua za mwanzo zinalenga kukupa kazi ya kupiga picha.

Hatua ya kwanza: usome mji kabla ya kusoma maua

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ndefu huanza mwishoni mwa Machi hadi Mei, Agosti nayo hunyesha, kisha kuna mvua fupi za Oktoba na Novemba. Desemba hadi katikati ya Machi ni kiangazi. Panga mwaka wako wa kazi juu ya kalenda hiyo: kupanda ni Aprili na Oktoba, kupogoa na kurekebisha mitaro ni Februari, na kiangazi chote ni cha kutunza tu. Mteja akikuambia Januari kwamba anataka nyasi wiki ijayo kwa sababu kuna harusi, mwambie wazi gharama ya maji kabla hujakubali.

Udongo wetu mwingi ni wa volkano. Ni mwepesi, unalimika bila taabu, lakini maji hupita ndani yake haraka. Ukikaribia ziwa, ambalo ni la magadi, unakutana na udongo wa chumvichumvi ambao mimea mingi ya vitaluni haiupendi. Jifunze majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni la chupa: jaza udongo theluthi moja ya chupa inayopitisha mwanga, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uiache hadi kesho. Mchanga hutua kwanza chini, mfinyanzi hubaki juu kabisa, na utaona kwa macho una nini zaidi. La pili ni la shimo: chimba sentimita 30, jaza maji, yakiisha ujaze tena na uangalie saa. Yakitoweka kabla ya saa moja kuisha, udongo unahitaji samadi na mboji nyingi ili ushike maji. Yakilala humo hadi kesho yake, usipande chochote kabla ya kutengeneza mtaro.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ile ile inayowatia watu wengi wa huku madoa ya kahawia menoni. Dracaena, kodilaini na ile mimea ya majani membamba yenye mistari myeupe inayoitwa spaida huungua ncha za majani ikinyweshwa maji hayo. Mteja atadhani ni wadudu na kuanza kununua dawa. Wewe mwambie aihifadhie mimea hiyo maji ya mvua, uone heshima utakayopata.

Kama uko Kisumu, geuza nusu ya niliyosema. Huko ni mita 1,130 hivi, joto ni kali, na udongo mweusi wa upande wa Nyalenda na uwanda wa Kano hupasuka kiangazi na kugeuka bwawa wakati wa mvua. Inua matuta ya maua, chimba mitaro kwanza, na usahau nyasi ya Kikuyu kwa sababu inapenda nyanda za juu. Paspalamu itakufaa zaidi.

Vifaa: nunua vichache, vinoe

Cha kwanza ni jembe uma. Kisha panga, reki yenye meno ya chuma, koleo, sekatea nzuri (makasi ya kupogolea), kamba ndefu na vigingi, tepu ya kupimia, glavu, gambuti na tupa ya kunolea. Tupa ndiyo watu husahau. Sekatea butu huchana tawi badala ya kulikata, na jeraha lililochanika hukaribisha ugonjwa. Ukihama kutoka mmea mgonjwa kwenda mwingine, futa makali kwa spiriti.

Mashine ya kukata nyasi usinunue bado. Mwanzoni slasha iliyonolewa na makasi ya nyasi vinatosha nyua ndogo, na kwa uwanja mkubwa unaweza kukodi mashine kwa siku na kuiweka kwenye bei. Mashine ya mkopo inayokaa bila kazi Januari na Februari ndiyo iliyowarudisha wengi kwao. Wilbaro mara nyingi utaikuta kwa mteja, imeachwa na wajenzi.

Pa kujifunzia

Njia ya haraka ni kitalu. Nenda kwenye vitalu vya kando ya barabara kuu, zungumza na mwenyewe kwa heshima, omba kufanya kazi ya kujaza udongo kwenye karatasi za miche na kunyunyizia, hata kama malipo ni ya chai na nauli. Miezi miwili au mitatu hapo itakufundisha mambo ambayo simu haiwezi: mche wenye mizizi iliyojizungusha ndani ya karatasi unaonekanaje, ni mmea gani unauzwa kila wiki na upi unaoozea hapo hapo, na jumla ni bei gani ikilinganishwa na rejareja. Siku utakapopata mteja, huyo mwenye kitalu ndiye atakayekupa miche na kukungoja hadi ulipwe.

Wakati huo huo anza kitalu chako nyumbani, hata kama ni cha nyuma ya choo. Duranta, bogonvilea, haibiskasi na jerania hushika kwa vipandikizi. Kata kijiti cha urefu wa kalamu chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini na usiache pakauke. Agapanthasi na kana hugawanywa mashina. Vijiti ambavyo wenye nyumba hutupa baada ya kupogoa ni mtaji wako wa bure, mradi uombe kwanza.

Ukitaka kusoma rasmi baadaye, Chuo cha Kilimo cha Baraka kiko Molo, Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro na hufundisha kilimo cha maua, mboga na matunda, na kwa walio magharibi kuna Bukura, Kakamega. Lakini kusoma kukifuata mwaka mmoja wa kushika jembe kutakufaa mara mbili zaidi ya kusoma kabla yake.

Mimea ya kuijua kwanza

Usijaribu kujua yote. Ishirini inatosha, mradi uijue kwa urefu wake ikikomaa, kiu yake, jua au kivuli, na hatari yake. Kwa uzio, kayaba ndiyo mfalme wa usalama, ina miiba na huvumilia ukame, lakini inahitaji kupogolewa bila kuchoka. Duranta ya dhahabu inapendwa mno kwa mipaka mifupi. Binafsi naona imejaa kila mahali hadi inachosha, ila inauza. Kwa rangi kiangazi, bogonvilea haina mshindani, na ukiinywesha sana inatoa majani na kunyima maua. Sansevieria, mshubiri na yuforbia ndogo ni za kona ambazo bomba halifiki. Terminalia hutoa kivuli cha ngazi ngazi kinachopendeza kwenye maegesho. Botolbrashi huleta ndege chozi hadi dirishani.

Fikasi usiipande karibu na nyumba, septik wala bomba. Mizizi yake inafuata maji popote yalipo, na miaka mitano baadaye jina litakalotajwa ni lako.

Jua pia sumu. Olianda, pamoja na ile ya manjano inayotumiwa sana kama uzio, ni sumu kuanzia jani hadi mbegu. Brugmansia yenye maua makubwa yanayoning'inia ni sumu vilevile. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni ni safari ya hospitali. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo au shule ya chekechea, usiipande hata mama mwenye nyumba akisisitiza kwamba aliiona kwa dada yake ikipendeza.

Nyasi: hapa ndipo pesa na lawama zilipo

Tuchukue uwanja wa mita 10 kwa 8, yaani mita 80 za mraba. Utakutana na ukubwa huu mara kwa mara.

Siku ya kwanza na ya pili ni za kusafisha. Ondoa kokoto, vipande vya mbao, plastiki na hasa saruji iliyomwagwa ardhini. Mafundi wa ujenzi hufukia takataka na kusawazisha juu. Ukipanda juu yake utapata mabaka ya manjano yasiyoisha. Magugu yenye mizizi mirefu, kama sangari na ndago, yang'oe kwa jembe uma. Ukiyakatakata kwa jembe la kawaida umeyapanda upya. Mwagia maji, subiri wiki mbili, yatakayochipua uyang'oe tena. Wateja hawapendi kusubiri huku, na wewe usikubali kuruka hatua hii.

Kisha mteremko. Ardhi ishuke sentimita 2 kwa kila mita ikitoka ukutani, maji yasirudi kwenye msingi. Funga kamba kutoka kigingi hadi kigingi na utumie pima maji ya fundi wa mawe kama huna yako.

Udongo wa juu: kama kiwanja kimebaki changarawe, unahitaji angalau sentimita 10. Mita 80 za mraba kwa kina hicho ni mita 8 za ujazo, ambazo ni zaidi ya tani 10. Usinunue kwa kusema "lori moja" bila kupima sanduku lake, kwa maana kuna malori na malori. Shika udongo mkononi kabla haujamwagwa; ukiona vipande vya mizizi ya ndago, mrudishe dereva. Juu yake tandaza samadi iliyooza kabisa, kina cha sentimita 2, ambayo hapa ni karibu wilbaro 27, uichanganye na udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu kutoka malishoni.

Kupanda: nyasi huuzwa kwa gunia, ikiwa vijiti vyenye mizizi. Kwa mita zetu 1,850 nyasi ya Kikuyu inakimbia na kufunika haraka, lakini inakunywa maji na kuvamia matuta ya maua. Paspalamu ni taratibu zaidi na inavumilia kivuli kiasi. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande, mita moja inameza vijiti 44, na uwanja wetu utahitaji kama 3,500. Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia unahitaji wasaidizi wangapi, maana nyasi ikilala kwenye gunia siku mbili inapata moto na kufa. Panda jioni au siku ya mawingu, kanyagia kidogo, nyunyizia mara moja.

Wiki mbili za kwanza nyunyizia asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Baadaye punguza mara lakini ongeza kiasi, ili mizizi ishuke kutafuta maji. Zikifika sentimita 7 kata kwa mara ya kwanza hadi 5, na kanuni ya maisha yote ni kutokata zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Mvua ikirudi, mbolea ya CAN kilo 1.6 inatosha uwanja huu mzima, yaani gramu 20 kwa mita. Itupe majani yakiwa makavu, kisha unyunyizie.

Sasa hesabu muhimu kuliko zote. Nyasi zilizoshika zinahitaji karibu lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki wakati wa kiangazi. Uwanja wa mita 80 ni lita 2,000 kila wiki. Tangi la lita 10,000 litadumu wiki tano kama hakuna anayeoga wala kufua. Mwoneshe mteja hesabu hii kabla ya kupanda. Wengi watakubali kupunguza nyasi nusu na kuweka kabro (matofali ya kutandaza chini), changarawe au matuta yenye matandazo. Watakaokataa waambie wavune mvua: paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 10 tu linatoa karibu lita 1,000.

Kupata kazi ya kwanza

Bustani ya kwanza iwe ya mtu unayemjua: kanisani, kwa shangazi, shule ya msingi uliyosomea. Fanya kipande kidogo, mita tatu kwa nne karibu na geti, kwa gharama ya miche tu. Piga picha kabla, siku ya kupanda, baada ya miezi mitatu, na hasa Februari. Picha ya Februari ndiyo itakayokuuza.

Kisha wafuate wanaoingia kwenye nyumba kabla yako. Fundi wa kabro, fundi bomba na keateka (msimamizi) wa nyumba za kukodi wanajua nani anamaliza kujenga. Waachie namba yako, na ukipata kazi kupitia kwao wape chai bila kukumbushwa. Weka picha zako kwenye hali ya WhatsApp kila wiki. Kibao chenye namba yako kwenye bustani uliyomaliza, kwa idhini ya mwenyewe, hufanya kazi ukiwa umelala.

Ukiitwa kuangalia kiwanja, usianze kutaja maua. Uliza: maji yanatoka wapi na siku ngapi kwa wiki? Septik iko wapi, nyaya za umeme na bomba zimepita wapi? Kuna mbwa? Watoto wa umri gani? Nani atanyunyizia nisipokuwepo? Hilo la mwisho liandike kwa jina. Ukisikia "ataona tu huyo wa geti", jua hakuna mtu.

Kuweka bei

Gawa karatasi mara mbili: vifaa na kazi. Vifaa ni udongo, samadi, nyasi, miche na usafiri, navyo vilipwe vyote kabla hujaagiza. Ukitumia pesa zako kununua nyasi za mtu, umekuwa benki. Kazi ihesabu kwa siku: siku zako na za wasaidizi, ongeza asilimia 15 hadi 20 kwa ajili ya mvua, mwamba uliofichwa chini na faida. Nusu ya malipo ya kazi ilipwe kuanza, nusu siku ya kumaliza. Andika hata kwa ujumbe wa simu, na utaje kisichokuwemo: "bei haihusu kunyunyizia baada ya kupanda." Sentensi hiyo imezuia magomvi mengi.

Lakini kupanda ni kazi ya msimu. Kinachokulisha ni mkataba wa kila mwezi. Tuseme siku yako unaithamini Sh1,500. Mteja anayehitaji nusu siku kila wiki ni siku mbili kwa mwezi, Sh3,000, ongeza nauli na uchakavu wa vifaa Sh700, jumla Sh3,700. Wateja sita ni Sh22,200 kwa siku 12 za kazi, na ukitoa nauli na vifaa unabaki na Sh18,000 pamoja na siku nyingine za kupanda. Linganisha: amri ya mishahara ya serikali humweka mtunza bustani daraja moja na mfagiaji na mlinzi wa mchana, na kuanzia Novemba 2024 kima chao cha chini jijini Nairobi kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Bei za mtaa wako zinaweza kuwa juu au chini ya mfano wangu, ila hesabu ni hiyo hiyo.

Wateja sita wawe mtaa mmoja au miwili iliyopakana. Ukiwa na mmoja Lanet, mwingine Ngata na mwingine Bahati, faida yote inaishia kwenye nauli ya matatu.

Kuvuka kiangazi

Novemba, kabla mvua fupi hazijaisha, tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8 kwenye matuta yote: majani makavu, nyasi ulizokata, maganda ya miti. Yasiguse shina. Desemba inua kimo cha kukatia nyasi, kwa sababu jani refu hukinga udongo. Nyunyizia alfajiri au jioni, na maji yakiwa machache chagua: miti michanga kwanza, maua ya kudumu pili, nyasi mwisho. Nyasi ya Kikuyu hukauka juu na kufufuka mvua ikija, lakini mti wa mwaka mmoja ukifa umekufa. Mweleze mteja mapema mpangilio huo ili asije akapiga simu kwa hasira.

Dawa tumia kwa uchache. Nunua kwenye agroveti dawa yenye namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, kwenye lebo, isome, vaa glavu na barakoa, usinyunyizie upepo ukivuma, na usikubali dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Vidukari wengi huondoka kwa maji ya sabuni.

Karatasi, ukishasimama

Ukiwa na wateja wanne au watano, sajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upate PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, kibali cha biashara cha kaunti, na till ya M-Pesa au Pochi la Biashara ili pesa za kazi zisichanganyike na za unga. Shule na kampuni zitataka risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wana fungu la asilimia 30 la zabuni za umma chini ya mpango wa AGPO, na kutunza bustani za ofisi za serikali ni miongoni mwa kazi zinazotangazwa. Ingia humo ukiwa na akiba ya kulipa wasaidizi miezi mitatu, kwa kuwa malipo huchelewa na mtu uliyempa jembe Jumatatu anataka chake Jumamosi.